Diodi ya Tano

Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia, Expo 70. Wapiga dansi wa Dar es Salaam hawajalisahau hilo, na wako wanaolisimulia utadhani wao ndio waliobeba amplifaya. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilipogongewa viza ya Japani, hilo ndilo lililotajwa kwanza mazoezini. La pili lilikuwa orodha. Nyuzi za solo, nyuzi za besi, vijiti vya dramu, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mpiga solo wetu: pedali ya mkwaruzo, iwe kali.

Mwenyeji wangu alikuwa mtu ninayemwita Mwalimu. Ni Mjapani aliyefundisha fizikia katika sekondari moja ya Iringa alipokuja kujitolea kupitia JICA, na kila likizo alikuwa akishuka Dar na kushinda kwenye mazoezi ya bendi yetu. Ridhim alijifunzia kwetu. Aliporudi kwao hatukupoteana. Nikifungua amplifaya ya mtu nikakuta kitu nisichokielewa, nampigia picha namtumia, na jibu linakuja kwa Kiswahili cha Nyanda za Juu. Safari hii yeye ndiye aliyeniita: "Kaka, hiyo pedali yako unayoiota kila siku njoo tuijenge huku. Vipuri viko mlangoni."

Pedali niliyoiota ilikuwa kinyume cha ile ya kwenye orodha. Nilitaka ovadraivu yenye ukuzaji mdogo: ukigusa uzi taratibu sauti itoke safi, ukiukandamiza ipasuke ukingoni tu, kama koo la mwimbaji anayekaribia mwisho wa pumzi. Mkwaruzo mwingi ni rahisi kuupata. Kuza mawimbi ya gitaa mara mia, kata vilele vyake kwa diodi, umemaliza. Kazi iko kwenye kuuzuia usifike huko.

Na dansi yetu inadai uzuiwe, wala si kwa ushamba. Mimi napiga solo la pili. Kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, mpigaji wa nafasi yangu hushika nyuzi mbili kwa pamoja, noti moja na ile ya tatu juu yake, na kukimbia nazo shingoni. Chukua A ya hezi 440 na C-shapu ya hezi 554. Zikipita kwenye saketi isiyokata kitu, zinaingia mbili na kutoka mbili. Zikikatwa vilele kwa pamoja, saketi huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na mojawapo ni tofauti kati ya zile mbili: hezi 114. Sasa, A ya chini ina hezi 110, na A-shapu inayoifuata ina karibu 117. Hiyo 114 imekaa katikati. Hakuna mahali pa kuishika kwenye shingo ya gitaa, haimo kwenye wimbo, na iko palepale besi anapofanyia kazi yake. Ndicho kile kivumi kichafu kinachotokea mtu anapowasha mkwaruzo katikati ya chemko na wachezaji wakaanza kurudi vitini bila kujua sababu. Wapiga roki wamekikwepa kwa kupiga noti ya kwanza na ya tano: 440 na 659 huzaa 219, na 219 ni A ya hatua nane chini ya hiyo 440, imepungua kidogo tu. Wao mkwaruzo mkubwa unawafaa. Kwetu noti za tatu ndizo nyama ya mziki.

Safari yenyewe, Dar hadi Doha na Doha hadi Narita, sina la kuisemea zaidi ya kwamba ni ndefu na chai yake ni nyepesi. Narita iko mbali na jiji, kiasi cha kilomita 60, na treni hupita kwanza kwenye mashamba ya mpunga kabla majengo hayajaanza kubanana. Mwalimu alinisubiri stesheni ya Ueno akiwa na fulana ya Simba iliyopauka. "Kamwene!" akapaza sauti mbele ya umati, na watu waliokuwa wakitembea kimya, kila mmoja na simu yake, wakageuka wote. Nadhani alikuwa amekaa miaka akiitafuta nafasi ya kulisema neno hilo hadharani.

Nyumbani kwake ni Kawaguchi, ng'ambo ya mto Arakawa, kaskazini mwa Tokyo. Viatu mlangoni, shemeji akanikaribisha kwa neno moja la Kiswahili analolijua, nalo ndilo hilo la "karibu", na nikaonyeshwa chumba changu na meza ya kazi. Meza ilikuwa na chuma cha kulehemu, mita, taa yenye lenzi, na amplifaya ndogo. Niliiwasha amplifaya hiyo usiku uleule ili nisikie mvumo wake, tabia ya kifundi. Umeme wa Japani ni volti 100 badala ya 230 zetu, lakini Tokyo unapigapiga hezi 50 sawasawa na wa TANESCO, kwa hiyo mvumo niliukuta uleule wa nyumbani, karibu na G. Mwalimu akacheka. "Ungekwenda Osaka ungeukuta umepanda," akasema. Nchi hii imegawanyika vipande viwili: mashariki hezi 50, magharibi hezi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya AEG kutoka Ujerumani na Osaka ikanunua ya General Electric kutoka Marekani, na hadi leo hawajayapatanisha. Kwa hiyo Morogoro Jazz walipowasha mitambo yao kule Expo, mvumo wa amplifaya ulikuwa juu kuliko walivyouzoea, karibu na B. Mwanamuziki mwenye masikio ya Mbaraka sidhani kama lilimpita.

Asubuhi tukapanda treni kwenda Akihabara.

Ukitoka stesheni kwa mlango unaoitwa wa Mji wa Umeme, unapokewa na mabango ya katuni yanayofunika magorofa mazima, wasichana waliovaa aproni wanaogawa vikaratasi vya migahawa yao, na maduka yanayopiga nyimbo tofauti kwa wakati mmoja. Hakuna dalili ya resista hata moja. Mwalimu akanivuta mkono, tukaingia chini ya daraja la reli, na kelele zote zikabaki nje.

Humo ndimo Radio Center ilimo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeungua na redio zilikuwa adimu. Wanafunzi wa shule ya umeme ya jirani, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Denki cha Tokyo, wakawa wanaunganisha redio kwa mikono na kuziuza, na wachuuzi wa vipuri wakatandaza bidhaa barabarani kuwafuata wateja hao. Mwaka 1949 utawala wa majeshi ya Washirika uliokuwa ukiitawala Japani ukaamuru machinga waondoke barabarani. Wakaingizwa chini ya reli ya Sobu, na wamo hadi leo. Nilipokuwa nikisimuliwa haya nilikuwa nafikiria wale wetu walioondolewa barabarani Dar mwaka 2021. Hawa wa Akihabara walipewa nafasi inayogusana na mlango wa stesheni, ambako abiria hana budi kupita, na nadhani hiyo ndiyo siri nzima ya soko kudumu miaka zaidi ya 70. Hata hivyo si yote yaliyodumu: soko jirani, Radio Store, lilifungwa 2013.

Vijia vya humo ni vyembamba. Watu wawili wakipishana, mmoja hugeuka ubavu. Kila kibanda kina mwenye nacho, ameketi katikati amezungukwa na vidroo hadi kwenye dari, na bila kusimama anakifikia chochote. Huyu anauza swichi tu. Yule taa ndogo tu. Mwingine nyaya tu, kwa mita, rangi zote. Treni inapopita juu, vidroo vinatetemeka na hakuna anayenyanyua uso. Mimi nimekulia kwenye ufundi wa kung'oa: unataka kapasita, unatafuta redio iliyokufa yenye kapasita hiyo, unaing'oa, unaomba Mungu. Kuona kipuri kipya kikiuzwa kimoja, kwa sarafu, na muuzaji akikifunga kwenye kifuko na kukukabidhi kwa mikono miwili, kulinifanya ninunue vitu nisivyovihitaji. Nina hadi leo nobu za mpira mweusi ambazo hazina mashine ya kuzivaa.

Mpango wa saketi nilikuwa nimeuchora Dar. Msingi wake ulitoka hukohuko Japani, na sikuona sababu ya kuukataa. Mwaka 1977 BOSS walitoa OD-1, pedali ndogo ya manjano iliyoonyesha kwamba transista na diodi zinaweza kupasuka taratibu, kwa namna inayokaribia ya amplifaya za vali. Miaka miwili baadaye ikaja Tube Screamer TS808, iliyobuniwa na Susumu Tamura wa kampuni ya Nisshin Onpa ya Matsumoto, mkoa wa Nagano, na kuuzwa kwa jina la Ibanez. Moyo wake ni chipu yenye vikuzaji viwili, 4558, iliyoanzia kwa Raytheon ya Marekani na kupata umaarufu wa gitaa kupitia zile za JRC ya Japani. Diodi zimewekwa kwenye njia ya kurudia ya kikuzaji, kutoka tokeo kurudi ingizo, na hapo ndipo penye akili: wimbi likiwa dogo diodi zimelala na kikuzaji kinafanya kazi yake, wimbi likikua, diodi zinaamka na kukibana. Zaidi ya hapo, katika mpangilio huo wimbi safi la gitaa halipotei, linapita chini ya lile lililokatwa na kutoka nalo. Masikio yanalipata bila kuambiwa.

Ubaya, kwangu mimi, ni namba zake. Resista ya chini ni omu 4,700 na ya juu ni 51,000 ikiongezewa potensiometa ya 500,000. Piga hesabu: kiwango cha chini kabisa cha ukuzaji ni kama mara 12, cha juu ni mara 118 na ushei. Yaani ukiifunga kabisa bado inakuza mara 12. Stevie Ray Vaughan aliitumia Tube Screamer akiwa ameifunga karibu kabisa na kufungulia sauti, ili aisukume amplifaya ya Fender ndiyo ipasuke. Lakini yeye alikuwa na Fender za vali zilizofunguliwa hadi vioo vinatikisika. Sisi kumbi zetu zina mitambo ya kukodi. Halafu kapasita yake ya mikrofaradi 0.047, ikishirikiana na hiyo resista ya 4,700, huanza kupunguza ukuzaji kwa kila kilicho chini ya hezi 720. Sauti za kati zinasimama, za chini zinabaki nyuma. Kwa mpiga bluzi ni tiba. Kwa solo la pili linalojibizana na ridhim ni kukatwa miguu.

Kwa hiyo nilibadilisha. Chini nikaweka omu 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, na mpaka ukashuka hadi kama hezi 160, karibu na uzi wa nne ukiwa wazi. Juu nikaweka omu 10,000 na potensiometa ya 100,000. Ukuzaji ukawa kuanzia mara 2 hadi mara 12: pale yao inapoanzia, yangu ndipo inapokoma. Na badala ya diodi moja kila upande nikachora mbilimbili. Diodi ya silikoni huanza kupitisha kwenye volti 0.6 hivi, mbili zikifuatana, 1.2. Gitaa langu likitoa volti 0.1 nikipiga kwa upole, hata likikuzwa mara 6 halizigusi. Nikichapa, linazigusa. Mkono wa kulia ndio unaokuwa swichi.

Mbele ya kibanda cha diodi palikuwa na mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Mwalimu akainama vizuri, nami nikainama, maana niliona hiyo ndiyo shikamoo ya pale. Nikaonyesha karatasi. Mzee akausoma mchoro mzima kimyakimya, akaweka kidole kwenye diodi nne, akavuta droo. Hakunipa nne za juu. Alimwaga kiganja kizima kwenye kisahani, akachukua mita, akapima moja moja na kuzipanga safu kwa jinsi zilivyolingana, akachagua nne zilizosomeka sawa hadi tarakimu ya tatu.

Akaongea na Mwalimu kwa muda, akionyesha mchoro wangu kwa kalamu.

"Anasemaje?"

"Anasema umepanga vizuri lakini umepanga sawasawa mno. Juu mbili, chini mbili."

Nilielewa alikokuwa akielekea. Wimbi linalokatwa sawa juu na chini huzaa vipandio vya namba witiri peke yake: mara tatu ya noti, mara tano, mara saba. Likikatwa bila kulingana, zinaingia na za shufwa, ya kwanza ikiwa mara mbili, yaani noti ileile hatua nane juu. Sauti inanenepa bila kuongeza ukali. OD-1 ya 1977 ilikuwa hivyo hasa: diodi mbili upande mmoja, moja upande wa pili. Nilimweleza, kupitia Mwalimu, kwamba nimelifikiria hilo na nimeliacha, kwa sababu kukata bila ulinganifu kunaongeza vilevile noti za tofauti, na hizo ndizo ninazozikimbia. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Akafunga diodi nne kwenye kifuko, akaandika namba kwa penseli, akapokea sarafu zangu. Kisha akadondosha ya tano kwenye kiganja changu na kuipungia mkono nilipotaka kulipa. Basela. Sikujua kama Wajapani wana basela.

Resista tulizifuata kwa Akizuki Denshi, duka jembamba lenye wateja wengi kuliko hewa, ambako zinauzwa kwa pakiti ya mia. Chipu, soketi yake, potensiometa, jeki za milimita 6.35, sanduku la alumini na swichi ya mguu vilipatikana hukohuko mtaani. Adapta ya volti 9 niliisoma mgongoni mara nyingi, maana nyingi za pale huandikwa volti 100 tu, na ukiichomeka ya namna hiyo Sinza, Dar, utasikia mlio mmoja na harufu. Niliitafuta iliyoandikwa 100 hadi 240.

Jioni tukatembea hadi Ochanomizu. Ni stesheni moja tu kwa treni, ila kwa miguu unapita hekalu la Kanda Myojin, ambako wanauza hirizi za kulinda kompyuta na vifaa vya mawasiliano visiharibike, kikaratasi kinachong'aa chenye picha ya saketi. Nilimnunulia mdogo wangu anayetengeneza simu. Ameibandika kwenye meza yake ya kazi na amesema haijadhuru.

Ochanomizu ni barabara inayoteremka mbele ya Chuo Kikuu cha Meiji, na pande zote mbili ni maduka ya magitaa, ghorofa juu ya ghorofa. Unasema unataka kujaribu; kijana anashusha gitaa, analityuni kwanza, analifuta, ndipo anakupa. Nilijaribu pedali za ukuzaji mdogo moja baada ya nyingine, na nilichokuwa nikipiga ni kitu kimoja tu, noti za tatu kwenye nyuzi mbili za juu. Nyingi zilikuwa nzuri sana kwa noti moja moja. Zikipewa mbili, zilizo nyingi zilitoa kile kivumi. Iliyonikaa masikioni ni ya ukoo wa Bluesbreaker ya Marshall, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupuuzwa wakati huo kwa sababu kila mtu alitaka mkwaruzo wa kukata chuma. Haina haraka. Unaipa, inakurudishia kilekile na chembe ya mchanga pembeni. Kijana wa duka, baada ya kunisikiliza nikirudia mstari uleule mpaka wateja wakabadilika, alimwuliza Mwalimu huo ni muziki wa wapi. Mwalimu akaanza kumweleza habari za dansi. Tuliondoka pale wakifunga.

Kujenga kwenyewe hakukuchukua muda kama kulivyochukua kununua. Kwanza nusu ya umeme. Wimbi la gitaa linakwenda juu na chini ya sifuri, na betri haina chini, kwa hiyo unaigawa volti 9 kwa resista mbili za omu 10,000, unapata 4.5, unaituliza kwa kapasita ya mikrofaradi 47, na hiyo ndiyo sifuri mpya ambayo wimbi litapanda na kushuka juu yake. Halafu soketi ya chipu, halafu zile resista na kapasita za hesabu. Pikofaradi 100 ikapita juu ya potensiometa kuondoa ukali wa juu kabisa. Kikuzaji cha pili ndani ya chipu nilikitumia kwa toni na kutolea sauti. Mwalimu alitoboa sanduku uani kwa drili ya mkono, akarudi na vumbi la alumini kwenye soksi, na shemeji akaninyooshea mimi ufagio, nikaelewa kwamba nimeshakuwa mtu wa nyumbani.

Tulipoiwasha ikiwa wazi mezani ilivuma vibaya. Ilipowekwa sandukuni na mfuniko ukafungwa kwa skrubu zote, ikanyamaza. Alumini iliyounganishwa na waya wa chini huzuia takataka nyingi za hewani, za taa, za simu, za friji. Nimewaona mafundi wengi wakitafuta ubovu kwenye saketi nzuri ambayo kosa lake ni kukosa sanduku.

Amplifaya ya nyumbani haikutosha, na kuta za Kawaguchi ni nyembamba. Japani hata hivyo imejaa studio za mazoezi za kukodi kwa saa, na karibu kila moja ina Roland JC-120, ile ya transista yenye spika mbili za inchi 12, iliyotoka 1975 na kusifiwa kwa usafi wake hadi leo. Kwa pedali ya namna hii ni mahakama kali. JC-120 haikusaidii kupasuka hata kidogo; kila unachosikia ni cha pedali. Mwalimu akashika ridhim, mimi nikachomeka langu.

Ukuzaji ukiwa katikati, kwa mkono mwepesi, huwezi kusema imewashwa. Nikaongeza mkono, ukingo ukatokea. Nikaingia kwenye noti za tatu, nikakimbia nazo juu, na kivumi cha hezi 114 nilikisikia pale tu nilipochapa kwa makusudi kukitafuta. Mwalimu, ambaye ridhim yake imebaki ya Iringa kabisa, nzito na isiyokubali kuharakishwa, alinishikia palepale hadi taa ya onyo ya studio ikawaka kwamba muda unakaribia kwisha.

"Sasa ya mzee," akasema.

Nilikuwa nimeilehemu diodi ya tano kwenye upande mmoja, ikifuatana na zile mbili, na kuiwekea swichi ndogo ya kuiruka. Swichi ikifungwa, mbili kwa mbili. Ikifunguliwa, mbili kwa tatu. Nikaifungua. Sauti ikapanda kidogo, maana upande mmoja sasa wimbi lilikuwa na nafasi hadi volti 1.8, na noti moja moja zikapata unene ambao sikuwa nimeupata Ochanomizu. Noti za tatu zilichafuka, ila si kwa kiasi nilichokihofia. Ukuzaji wenyewe ulikuwa mdogo mno kuleta fujo. Mzee alikuwa ameisoma ile 100,000 kwenye karatasi yangu kabla ya kusema lolote. Alijua kuna nafasi. Nadharia yangu ya kibandani ilikuwa sahihi kwa pedali ya mara 118, si kwa ile niliyoichora mwenyewe.

Swichi niliiacha. Kwenye chemko ni ya kufungwa, kwenye ubeti ambapo solo la pili linajibu mwimbaji kwa noti moja moja ni ya kufunguliwa, kazi ya kidole cha mguu.

Narita walilipitisha sanduku kwenye mashine yao, wakalitoa, wakaliwasha na kulizima, wakanirudishia. Dar wenzangu walifurahia nyuzi. Mpiga solo alipoona sanduku halina rangi wala jina, akauliza pedali yake iko wapi, nikamwambia ndiyo hiyo, aijaribu. Akachomeka gitaa lake, akageuza nobu ya ukuzaji hadi mwisho, akapiga, akasikiliza, akaigeuza tena kwa nguvu kuona kama imekwama.

"Mbona haiendi?"

"Imefika."

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapo."

Akapiga tena, safari hii noti mbili. Hajairudisha mpaka sasa, na mimi nina diodi za kutosha mezani kuanza nyingine.